Ufunguo Utoke Mkononi Mwako Mwenyewe

Hotuba ya dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu mbele ya madereva na familia zao, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, madereva wenzangu mlioko kazini na mliopumzika, akina mama, vijana mliokuja na baba zenu: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze jambo ambalo sisi madereva hatulizungumzi kijiweni. Tunazungumza ajali, mizani ya Mikese na Vigwaza, tochi za trafiki, bei ya dizeli, matajiri wanaochelewesha posho. Siku ambayo mwili utakataa kuendesha hatuitaji kabisa, kana kwamba kuitaja ni kuiita. Leo nataka tuitaje, na mnivumilie nikirefusha.

Wengi mnanifahamu. Nimeendesha malori njia ya Tunduma, nikavuka mpaka kwenda Zambia na Kongo, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Leo nimeletwa hapa na bajaji. Macho yangu yana presha, ugonjwa ambao madaktari wanauita glakoma. Nikimtazama mwenyekiti namwona vizuri usoni, hata tabasamu lake naliona. Mama aliyekaa kushoto kwake simwoni mpaka nigeuze shingo. Kwa mtu wa kukaa sebuleni hilo anaweza kuishi nalo. Kwa mtu mwenye trela lililojaa mzigo nyuma yake na bodaboda ubavuni, hapo pana roho za watu.

Nianze na macho, maana ndiyo yanayowaondoa wengi wetu barabarani, na watu wanayachanganya. Kuna mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia ukungu. Usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika na kukujaa machoni, na rangi zinafifia. Huyo anatolewa kwa upasuaji mfupi, unawekewa lenzi bandia, na walio wengi wanarudi kuona. Namfahamu mwenzetu aliyeuza gari lake akiamini amekwisha kuwa kipofu, kumbe alikuwa na mtoto wa jicho. Amefanyiwa upasuaji, anaona vizuri, gari hana. Kwa hiyo kabla hujatoa ufunguo, jua kwanza unachoumwa.

Glakoma ni habari nyingine. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikisuasua, shinikizo linapanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo pia wanaoumia ingawa kipimo chao cha shinikizo ni cha kawaida, ndiyo sababu daktari mzuri haishii kupima presha. Anachungulia na mshipa wenyewe. Aina iliyozoeleka kwetu haina maumivu. Mara nyingi inaanza kula pembeni. Jicho moja linalifidia jingine, ubongo unajaza pengo, nawe unaamini kwa moyo mmoja kwamba unaiona barabara yote. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Matone ya kila siku, na kwa wengine upasuaji, kazi yake ni kulinda kilichobaki. Ukiacha matone kwa sababu "naona vizuri tu", unaacha mlango wazi.

Tena ugonjwa huu unatupenda sisi watu weusi kuliko wengi, na unatujia mapema zaidi. Utafiti uliofanyika Kongwa, hapo Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta nao watu takriban 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Sasa jihesabuni humu ndani. Na kama baba yako, mama yako au ndugu wa tumbo moja anao, wewe usingoje dalili. Hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani. Wanangu wote wamepimwa. Nililisimamia hilo mwenyewe.

Nataka mjue na jambo la leseni. Leseni yetu inadumu miaka 5. Katika miaka hiyo jicho linaweza kubadilika sana na kadi ikabaki ileile mfukoni, na picha yako ikiwa inacheka. Leseni inasema unaruhusiwa. Haisemi leo asubuhi umeamka na macho gani.

Dalili za barabarani tunazijua wenyewe, ila tunazipa majina mengine. Bodaboda zinaanza kuchomoka tu, huoni zimetoka wapi. Kioo cha pembeni kimegongwa; mwezi ujao kimegongwa tena, upande uleule. Ukiingia sheli unagusa nguzo ambayo umeipita miaka yote. Utingo wako, ambaye zamani mkiacha Chalinze tu alikuwa amelala, sasa halali, amekaa ukingoni mwa kiti, anakuita kwa jina letu madereva, "Suka, kushoto, kushoto!" Magharibi ikiingia unatamani uegeshe. Tunasema ni uchovu. Tunasema bodaboda wa siku hizi hawana adabu, na ni kweli wapo wasio na adabu, lakini hawawezi kuwa wote, tena wa upande mmoja tu.

Mkiyaona hayo, nendeni kliniki ya macho, na daktari mwambieni kwa kauli yenu: "Mimi ni dereva, naomba unipime na upana wa kuona." Kusoma herufi za ukutani kunapima katikati ya jicho. Mtu anaweza kuzisoma mpaka mstari wa chini naye ameshapoteza pembeni. Miwani ya kusomea mnayonunua kwa wamachinga inakuza maandishi ya karibu, basi. Hospitali zetu za rufaa za mikoa zina huduma za macho. Kwa vipimo vya zaidi kuna Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam, na KCMC kule Moshi. Sisi wa Morogoro tumerahisishiwa: tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati yetu na Dar mwezi Juni 2024, mzee anakwenda kliniki na kurudi siku hiyohiyo bila kumsumbua mtu.

Magonjwa mengine nayapitia haraka. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari ikimshuka anatoka jasho, anatetemeka, akili inamtoka. Na sisi tunaokula saa kumi chakula cha saa sita tuko hatarini zaidi. Ale kwa utaratibu kila siku, na akisikia hali hiyo aegeshe kwanza, maelezo baadaye. Aliyepata kiharusi asirudi kwenye usukani kwa sababu mkono umepata nguvu. Kiharusi kinaweza kuchukua sehemu ya kuona au ya kuamua, na daktari ndiye wa kusema. Mwenye kifafa hali kadhalika. Wengine ni magoti tu na nyonga, mguu hauhami tena haraka kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Hao wote safari yao inaishia palepale ilipoishia yangu, na tangu hapa nazungumza nao wote.

Watu wakisikia dereva ameacha kuendesha, wanafikiri kilichomuuma ni mshahara. Mshahara unauma, nitaufikia. Wengine wanafikiri ni fahari ya kuitwa Suka. Nayo ipo. Lakini mimi nimekaa na wazee wengi wa namna yangu, na ninachokisikia kwao ni kimoja: kinachouma kuliko vyote ni kuomba kwenda.

Fikirini. Huyu ni mtu aliyekuwa akisema "tunaondoka saa kumi alfajiri" na watu, mizigo na makarani wa mpakani wote wanajipanga kwa saa yake. Leo kuna msiba Kilosa, wa mtu aliyesoma naye. Anampigia mwanawe. Mwanawe, mtoto mwema kabisa, anamwambia, "Baba usijali, nitakupitia saa nne." Saa nne inapita. Saa sita kijana anapiga simu, kazini kumebana. Wanafika Kilosa saa tisa, watu wanatoka makaburini. Hakuna aliyemkosea adabu. Kijana amechoma mafuta yake, ameomba ruhusa kazini, amemleta. Lakini mzee hakumzika rafiki yake. Msiba unaofuata hatauliza. Atasema mgongo unauma. Halafu ataacha na jumuiya, ataacha na swala ya Ijumaa msikitini kule alikokuzoea, na nyumbani mtasema, "Baba siku hizi hapendi kutoka." Anapenda. Amechoka kuomba.

Ndiyo maana nasema familia zinakosea zinapodhani dawa ni lifti. Lifti ni wema, na Mungu awabariki mnaotoa, lakini lifti ina mwenyewe na mwenyewe si yeye. Mrudishieni mzee wenu uamuzi wa kwenda. Hilo linawezekana bila jicho hata moja, na nitawaeleza sisi nyumbani tumelifanyaje.

Tulichukua daftari, mimi na mama watoto. Tukaandika gari letu dogo lilikuwa linakula nini kwa mwezi: mafuta, servisi, matairi, bima, fundi, maegesho, kuosha, na zile faini. Kaeni mfanye hesabu hiyo, mtashangaa. Watu wengi wanalipa bima kubwa na kubadilisha oili ya gari linalotoka uani mara moja kwa juma. Jumla iliyopatikana tuliiita fungu la nauli. Gari tuliliuza, fedha yake tukaiweka kwa ajili ya fungu hilo, na kila mwezi kiasi kinaingia kwenye simu yangu, kwa namba ya siri ninayoijua mimi. Nikitaka kwenda Msamvu kunywa kahawa na wenzangu, naondoka. Nikitaka kwenda kumtazama mjukuu Dumila, naondoka. Hakuna anayeniuliza "unakwenda kufanya nini?" kwa maana ya kupima kama safari yangu inastahili mafuta ya mtu. Mke wangu ananiuliza kama alivyoniuliza siku zote, kwa sababu ni mke wangu.

Tukatafuta na vijana wawili wa bajaji. Nasema wawili, kwa sababu mmoja ataumwa, au bajaji yake itakamatwa, siku ileile unayomhitaji. Tulipatana nao bei za njia zangu za kawaida, wanajua nyumbani, wanajua kwamba wakifika wasipige honi tu barabarani bali washuke waniite upande wa kulia. Nauli nawalipa mwenyewe kwa mkono wangu. Jamani, kulipa nauli yako mwenyewe kunampa mtu shingo.

Wapo wasiotaka kuuza gari, wanataka liingize hesabu, yaani fedha ya kila siku au kila juma kutoka kwa dereva. Sawa, ila fanyeni kwa maandishi. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua, wa kupatana naye mdomoni ataleta hesabu miezi miwili, wa tatu ataleta hadithi. Andikeni nani analipa bima, nani anabadilisha tairi, hesabu inaingia siku gani, na kadi ya gari ibaki kwa mwenye gari. Na vijana, gari la baba msiligawe akiwa hai na akili zake timamu. Nimeona nyumba ambayo mzee alikwenda hospitali akarudi akakuta gari lake lina namba ya simu ya mnunuzi kwenye kioo. Hakuzungumza na watoto wake muda mrefu, na mimi simlaumu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye wakati wa kuacha. Sisi wa njia ya Iringa tunaujua mlima Kitonga. Ukitoka Iringa na mzigo, gia ya kushukia unaichagua ukiwa juu, kabla mlima haujakushika. Ukingoja katikati ya mteremko, na breki zimeshapata moto, gia haiingii tena na kinachobaki ni kumwita Mungu. Kuacha kuendesha kuna mteremko wake. Anayepanga akiwa bado anaona, bado ana leseni, bado anaheshimika kazini, yeye ndiye anayechagua: ataacha usiku kwanza, kisha safari ndefu, kisha lori, kisha gari dogo. Atachagua nani apewe ufunguo. Atalipeleka gari sokoni likiwa zima. Anayengoja ajali imwamulie, anaweza kuacha akiwa mahabusu, au akiwa na damu ya mtoto wa mtu moyoni mpaka anaingia kaburini. Nimewafahamu wa namna zote mbili. Naomba sana, madereva wenzangu, ufunguo utoke mkononi mwako mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa na watu wako.

Vijana, sasa nanyi. Ikifika siku ya kumwambia baba au mama kwamba usukani basi, namna mtakavyosema itakumbukwa kuliko mlichosema. Msimwambie mbele ya wageni wala mbele ya wajukuu. Msimtume kitinda mimba. Msimwambie ndani ya gari, mara baada ya kukoswakoswa, wote mnatetemeka. Mwacheni afike, aoge, ale. Kisha mtafuteni mtu wa rika lake, kaka yake, shemeji yake, au dereva aliyekwisha kuacha, akakae naye. Mimi nimetumwa kazi hiyo mara kadhaa. Sianzi na hukumu. Namuuliza, "Kaka, magharibi siku hizi unaionaje barabara?" Halafu nanyamaza. Mara nyingi kinachotoka ni kile ambacho amekibeba peke yake kwa muda mrefu: kwamba anaogopa, kwamba usiku anaendesha kwa kufuata taa za gari la mbele, kwamba mke hajui. Mtu akishasema mwenyewe, kilichobaki ni kupanga. Asiposema, basi tunamshauri aende kwa daktari na tunakwenda naye, na neno gumu linatoka kwa daktari, wala si kwa mtoto aliyemzaa.

Kuna hali moja ambayo subira hii haifai, nayo ni ugonjwa wa kusahau. Mzee anatoka Kihonda kwenda Msamvu, njia aliyoipita maisha yake yote, anakutwa yuko njia ya Dodoma na hajui amefikaje. Huyo akikuahidi leo kwamba hataendesha, hadanganyi. Kesho ahadi hiyo hayupo nayo. Msibishane naye kila asubuhi, mtamvunja moyo bure. Gari liondoke nyumbani, likae kwa ndugu. Funguo zisiwe mahali pa kuonekana. Na awepo mtu wa kutembea naye, maana hamu ya kwenda haijamtoka.

Akina mama, msidhani haya ni ya wanaume wa malori tu. Wapo humu walimu na wauguzi wastaafu waliojiendesha wenyewe, wakapeleka mazao sokoni, wakawapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane. Wakiacha, hakuna anayekaa nao kikao, kwa sababu watu wanadhani mwanamke akirudi kubebwa amerudi mahali pake. Si kweli, na inawauma vilevile. Wapo pia ambao hawajawahi kushika usukani, lakini mume alipoacha nao wameachishwa soko, kanisa na kwao. Fungu la nauli liwe la wawili.

Sasa mshahara. Wapo humu ambao ndio wanalisha nyumba, na macho yameanza. Msifiche mpaka tajiri agundue, na msiondoke kimyakimya kwa aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na ugonjwa haumwondolei wajibu huo. Ukiachishwa na ukaona hukutendewa haki, una siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Siku 30 ni chache mno kwa mtu aliye kitandani amegeukia ukuta, kwa hiyo mke, kaka, mtoto, mkumbusheni. Ukiwa mwanachama wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kuna mafao kwa aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi. Nenda na ripoti ya daktari uulize masharti yake. Kama umeumia kazini, uliza pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Haya yote yanamtaka mtu awe na karatasi. Mnakumbuka Aprili 2015 madereva tulipogoma, mabasi yakasimama na stendi ya Ubungo ikajaa abiria wasio na pa kwenda? Moja ya madai yetu ilikuwa mikataba ya ajira. Wapo mpaka leo wanaoendesha kwa mkataba wa mdomo, na hao ndio wanaonitia huzuni kuliko wote, maana siku jicho likigoma hawana hata mahali pa kuanzia. Dai mkataba ukiwa mzima. Dai na michango yako ya NSSF iingie.

Na mkishaacha, jihadharini na miezi ya mwanzo. Usiku mtu anaamka saa tisa kwa sababu mwili umezoea kuondoka, anakaa ukumbini gizani. Anakuwa mkali kwa vitu vidogo. Wengine wanaingia kwenye pombe, na waliokuwa hawanywi njiani wanaanza kunywa nyumbani. Haya yanapita kwa wengi. Lakini ukiona mtu haogi, hali, hataki kuonana na watu, au anasema maneno ya kwamba bora asingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa na inatibiwa hospitali. Msimwambie "shukuru Mungu u hai." Anajua yu hai. Mwambieni, "Twende tukamwone daktari," na muwe mmeshavaa viatu.

Barabarani kwa miguu, sisi tuliokuwa juu ya kabini tunatakiwa kujifunza upya. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea kulia ili uyaone magari yanayokujia. Usiku vaa rifleta, kile kizibao cha kung'aa, ileile uliyokuwa unavaa ukibadilisha tairi. Mwenye kuona kwa shida asione haya kushika fimbo nyeupe. Dereva anayekuja akiiona, anajua huyu hawezi kumkwepa. Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, wana watu wenye uzoefu wa kutembea na fimbo na kuishi bila kuona. Mimi nilikwenda kuzungumza nao wakati bado naona nusu, na nilijifunza kwao vitu ambavyo hakuna daktari aliyenieleza: kuhesabu njia panda kwa masikio, kupanga noti mfukoni kwa ukubwa, kumwomba mtu bega lake badala ya kumwacha anivute mkono.

Nimalizie na hawa wazee wa mstari wa mbele. Wapo kati yao walioanza kazi hii wakati barabara ya Zambia ni vumbi kiangazi na tope masika. Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya kusini ikafungwa, mafuta ya Zambia yalipita huku, kwenye mapipa, juu ya malori, mikononi mwa madereva. Wanajua mlima gani unadanganya, gari linaongeaje kabla ya kukatika difu, mzigo wa chumvi unafungwaje na wa nondo unafungwaje. Vijana wanatoka chuo na vyeti vyao, ni vizuri, lakini mambo haya hayamo kwenye vyeti. Nimemwomba mwenyekiti, na amekubali, kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazee hawa wakae na madereva wapya hapa hapa, na nauli yao itoke kwenye mfuko wetu. Hawaji kuburudishwa. Wanakuja kufundisha, na anayefundishwa ndiye anayemfuata mzee sheli au msikitini kumkumbusha siku.

Nje pale kuna wauguzi wa macho na vifaa vyao, wako mpaka saa nane. Walio na miaka 40 na kuendelea waanze, na wenye ndugu mgonjwa wa presha ya macho wasisubiri umri. Mwenyekiti, mimi nimemaliza yangu, naomba maswali yaanze, na la kwanza apewe mmoja wa akina mama.